Tabibu wa Kymi na Vioo Vyake

Katika sanduku langu, chini ya daftari za tenzi na barua za zamani, nimeweka noti moja ya Kigiriki ya drakma 10,000. Nilipewa mwaka 1997 na baharia mmoja ambaye meli yao ilitia nanga Kilindini, wakati mimi ni kijana mwandishi niliyetumwa bandarini kutafuta habari na habari zenyewe nisizione. Nilimnunulia madafu mawili, naye akanipa noti ile kwa ukumbusho. Leo haina soko, kwani Wagiriki walianza kutumia yuro mwaka 2002. Upande mmoja pana sura ya mzee mtulivu, na karibu naye hadubini. Upande wa pili pana sanamu ya Asklepio, ambaye Wayunani wa kale walimwabudu kuwa mungu wao wa tiba. Nilidhani mzee yule ni waziri wao au mfalme. Miaka zaidi ya 20 ikapita bila mimi kumuuliza mtu.

Lililonifanya nimtafute ni jambo la nyumbani. Dada yangu, aliyenitangulia kuzaliwa kwa miaka mitatu, alibembelezwa na bintiye aende akapimwe saratani ya mlango wa kizazi. Wasomaji wangu wa pwani hawahitaji kuelezwa uzito wa safari hiyo. Dada yangu ni mwanamke aliyezaa watoto sita, na wanne kati yao walipokewa na mkunga wa mtaani, bibi aliyemjua tangu utoto. Kumvulia nguo mtu asiyemjua, juu ya kitanda cha chuma, kwake ni jambo la kufanywa mara moja katika umri. Akajikaza, akaenda. Akangoja wiki tano. Jibu lililokuja likawa hapana jibu: kioo kilichopakwa kipimo chake kiliachwa kikauka kabla ya kutiwa dawa, chembe zimeharibika, hazisomeki, basi arudi apimwe upya. Mahali penyewe sipataji. Dada yangu akaapa kwamba harudi. Nami, mwanamume ambaye kwa desturi zetu sikupaswa hata kuyasikia hayo, nikayasikia kwa kuwa mpwa wangu alinijia akilia.

Nikamwendea tabibu mmoja ninayemjua, nikamuuliza kioo kukauka kuna nini hata mtu arudishwe. Katika kunieleza akalitaja jina la Papanicolaou, akaongeza kuwa Wagiriki walimtia katika noti zao. Nilirudi nyumbani nikafungua sanduku.

Georgios Papanikolaou, ambaye ulimwengu unamjua zaidi kwa jina la George Papanicolaou, alizaliwa tarehe 13 Mei 1883 katika mji mdogo wa Kymi, kisiwani Euboea, upande wa mashariki wa Ugiriki. Babake alikuwa tabibu na mtu wa siasa, na alitaka mwanawe airithi kazi yake ya kutibu. Kijana mwenyewe alipenda fidla na vitabu. Hata hivyo alimtii babake, akasoma utabibu Athens, akahitimu mwaka 1904 akiwa na umri wa miaka 21, akatumikia jeshi, kisha akarudi Kymi. Huko aliwatibu wagonjwa wa ukoma waliotengwa nje ya mji. Lakini moyo haukutua. Kutibu mgonjwa mmoja mmoja hakukumtosha. Alitaka kujua uhai wenyewe unafanyaje kazi. Akaenda Ujerumani kwa wanazuoni wa elimu ya viumbe, na mwaka 1910 akapata shahada ya udaktari wa falsafa katika chuo kikuu cha Munich. Somo aliloliandikia lilikuwa viroboto wa maji, na jinsi wanavyopata kuwa wa kike au wa kiume. Mtu atacheka, daktari mzima kuhangaika na viroboto! Na asubiri.

Mwaka huohuo wa 1910 alimwoa Andromache Mavroyeni, binti wa nyumba ya wanajeshi, aliyejulikana baadaye kwa jina la Mary. Msomaji amshike bibi huyu, kwani pasipo yeye kisa hiki hakipo.

Walikaa Monaco muda mfupi, na mwaka 1911 Papanicolaou akasafiri katika meli ya uchunguzi wa bahari ya Mwana Mfalme Albert wa Kwanza. Vita vya Balkan vilipozuka mwaka 1912 akarudi kwao kutumika kama tabibu wa jeshi. Vitani alikutana na Wagiriki waliotoka Marekani kuja kupigana, nao wakamsifia nchi ile. Tarehe 19 Oktoba 1913 yeye na mkewe wakashuka New York, Kiingereza hawakijui, mkononi wana dola 250, ambazo ndizo zilizotakiwa ili mtu aruhusiwe kuingia.

Maisha ya mgeni ni yaleyale popote. Daktari mwenye shahada mbili akaajiriwa kuuza mazulia katika duka kubwa, na haikutimu siku ya pili akaacha. Bibi Mary akashona vifungo vya nguo kwa dola tano kwa wiki. Mume akapiga fidla mikahawani jioni, na mchana akafanya ukarani katika gazeti la Kigiriki la mji huo. Nilifurahi niliposoma hapo: kumbe aliwahi kupita katika vyumba vyetu sisi waandishi, penye wino na mishahara midogo.

Mwaka 1914 alipata kazi katika shule ya utabibu ya Cornell, palepale New York, katika idara ya Profesa Charles Stockard, naye Mary akaingia pamoja naye kuwa fundi wa maabara. Wanyama waliowatumia walikuwa simbilisi, wale wanaofanana na panya mnono asiye na mkia. Papanicolaou alitaka mayai ya uzazi ya simbilisi yaliyofikia hatua maalumu, na njia ya kuyapata ilikuwa kumchinja mnyama na kutazama. Mara nyingi alikuta amewahi au amechelewa, na mnyama amekufa bure. Akafikiri: mwanamke ana siku zake, na majike wengine wana dalili zao, je, simbilisi naye hana? Akanunua kile chombo kidogo ambacho madaktari hukitumia kupanulia tundu za pua, akakitumia kuchukua ute wa uke wa simbilisi kila siku, akaupaka juu ya kioo, akautia chini ya hadubini. Damu hakuiona. Aliona chembe hai, zikibadilika umbo kutoka siku hata siku, kwa mpango usiokosea, hata akaweza kusema mnyama huyu yuko siku ya ngapi bila kumkwaruza hata ngozi. Yeye na Stockard waliyachapisha hayo mwaka 1917, na maabara za nchi nyingi zikaifuata njia yao.

Kutoka kwa simbilisi akahamia kwa binadamu, na binadamu wa kwanza alikuwa mkewe. Kwa miaka 20 hivi Bibi Mary alimpa mumewe kipimo chake mwenyewe, kisha akakaa mezani akapaka vioo, akavitia rangi na kuvipanga. Hawakujaaliwa watoto. Kazi yao ilikuwa siku sita na nusu kwa wiki, likizo hazijulikani. Nimesoma sifa nyingi alizopewa mume, na nyingi ni za haki, lakini naona wanaosimulia humpitia mke haraka mno. Ujuzi wote wa mwanamume yule juu ya chembe za mwanamke mwenye afya ulianzia kwa mwanamke mmoja aliyekubali kila siku jambo ambalo dada yangu aliliona zito kulifanya mara mbili.

Katika miaka ya 1920 akaanza kuchunguza pia vipimo vya wanawake wa hospitali, na siku moja akaona chini ya hadubini chembe ambazo hazikufanana na zote alizozizoea: viini vyake vikubwa kupita kiasi, vimekolea rangi, maumbo yake hayana utaratibu. Ilikuwa chembe za saratani, zimetoka zenyewe pamoja na ute. Baadaye aliandika kuwa hiyo ilikuwa mojawapo ya furaha kuu za kazi yake. Mwezi wa Januari 1928 akaisoma habari hiyo katika mkutano wa Battle Creek, jimbo la Michigan. Mkutano wenyewe, nasema kwa kupita tu, ulikuwa wa wale watu waliodhani wanadamu wafaa kuzalishwa kwa kuchaguliwa kama ng'ombe. Si pahali pema pa habari njema. Karatasi yake ilichapwa vibaya, yenye makosa, na matabibu hawakuijali. Kwao, saratani ilithibitishwa kwa kukata kipande cha nyama na kukitazama, na hawakuona sababu ya kuhangaika na ute. Nchini Rumania tabibu Aurel Babeș naye alikwisha kutangaza njia iliyokaribiana na hiyo mwaka 1927, kila mmoja kwa jitihada yake, na haki yake aelezwe.

Papanicolaou hakubishana. Aliiweka habari ya saratani pembeni kwa miaka kumi na zaidi, akaendelea na mambo ya mzunguko wa uzazi. Stockard alipofariki mwaka 1939, mkuu mpya, Joseph Hinsey, alimpa moyo airudie. Akashirikiana na tabibu wa wanawake Herbert Traut, na kila mwanamke aliyelazwa katika idara hiyo ya hospitali ya New York akachukuliwa kipimo. Wakaona saratani kwa wanawake wasiokuwa na dalili wala maumivu, tena nyingine ikiwa bado haijatoboa ngozi ya juu, hatua ambayo kuiondoa ni jambo jepesi. Walichapisha makala mwaka 1941 na kitabu mwaka 1943, chenye picha za rangi zilizochorwa na Hashime Murayama, mchoraji mzaliwa wa Japani. Fikiri mwaka wenyewe: Marekani na Japani wako vitani, na Mgiriki na Mjapani wamekaa mji mmoja wakichora chembe za maradhi ya wanawake.

Sasa nifike pale kwenye kioo cha dada yangu. Mambo mawili ndiyo yaliyoifanya njia ya Papanicolaou isimame. La kwanza ni rangi zake, alizozitangaza mwaka 1942, ambazo hukifanya kiini cha chembe kionekane buluu iliyokoza na sehemu nyingine zichukue waridi, kijani au rangi ya chungwa. La pili, ambalo watu hawalisemi sana, ni kuhifadhi. Chembe ikishatoka mwilini huanza kuharibika saa hiyohiyo. Kama samaki aliyetolewa majini, na joto letu hili, hangoji mtu. Ikiachwa ikakauke kwa hewa hutandaa na kuvimba, kiini chake kikafifia, na msomaji wa hadubini hawezi tena kujua ukubwa anaouona ni wa maradhi au ni wa ukavu. Kwa hiyo Papanicolaou alishikilia kwamba kioo kitiwe dawa kingali majimaji, papo hapo, ndani ya mchanganyiko sawasawa wa spiriti kali na etha. Spiriti huvuta maji yaliyomo ndani ya chembe na kuigandisha ilivyo, kama picha. Etha iliachwa baadaye kwa kuwa hushika moto haraka, ikabaki spiriti. Kukawia kidogo tu kunatosha kuiharibu kazi. Dada yangu alipoteza wiki tano na heshima ya moyo wake kwa dakika chache za mtu aliyeweka kioo mezani akaenda kufanya jambo jingine.

Mnamo mwaka 1947 tabibu J. Ernest Ayre wa Kanada akaongeza kijiti bapa cha mbao cha kukwangulia mlango wa kizazi wenyewe, na kipimo kikawa sahihi zaidi. Papanicolaou alipewa tuzo ya Lasker mwaka 1950, na mwaka 1954 akatoa kitabu chake kikubwa cha picha za chembe. Tuzo ya Nobel alitajwatajwa nayo, hakuipata. Mwishoni mwa mwaka 1961 walihamia Miami, alikotakiwa kuongoza taasisi ya uchunguzi wa saratani, na kabla hajaizoea nyumba mpya moyo ukasimama, tarehe 19 Februari 1962. Alikuwa na miaka 78. Taasisi ikapewa jina lake. Mwaka 1978 Wamarekani wakamweka kwenye stempu ya barua, na Wagiriki kwenye noti yangu mwaka 1995. Katika Marekani vifo vya saratani hiyo vimepungua kwa zaidi ya nusu tangu kipimo kilipoenea.

Lakini kuna jambo ambalo yeye mwenyewe hakulijua, nalo ndilo lililonikosesha usingizi. Ndani ya kile kiini alichokitia rangi ya buluu mna vinasaba, ile DNA, maandishi ya maumbile ya kila kiumbe. Umbo la DNA lilielezwa na Watson na Crick mwaka 1953, naye Papanicolaou akiwa mzee wa miaka 70. Na DNA haiyeyuki katika spiriti. Hutulia mahali pake ikangoja. Fomalini, dawa ambayo hospitali huhifadhia vipande vya nyama, huzifunga nyuzi zake na kuzikatakata, lakini spiriti huziacha nzima zaidi. Basi alipokuwa akiamuru vioo vitiwe spiriti ili macho ya binadamu yaone umbo la chembe, alikuwa akihifadhi pia kitabu ambacho hapakuwa na mtu wa kukisoma.

Msomaji wake alipatikana baadaye. Mwaka 1983 na 1984 Mjerumani Harald zur Hausen na wenzake waligundua katika saratani ya mlango wa kizazi virusi vya papiloma, HPV, aina ya 16 na ya 18, ambazo pamoja ndizo chanzo cha kiasi cha asilimia 70 ya maradhi hayo duniani. Alipewa Nobel mwaka 2008. Miaka ileile ya 1980 ikapatikana njia ya kuzidisha chembechembe za DNA maabarani hata kidogo kikawa kingi. Hapo wataalamu wakakumbuka makabati ya vioo vya zamani. Huko Sweden, vioo vilivyotiwa rangi na kuwekwa tangu mwaka 1969 vilibanduliwa vifuniko vyao, DNA ikatolewa, na virusi vikapatikana vimekaa mlemle. Utafiti uliotangazwa mwaka 2000 ulionyesha kuwa virusi hivyo vilikuwamo kwa wingi miaka mingi kabla maradhi hayajadhihiri.

Hata kioo chenyewe kinaanza kustaafu. Tangu mwaka 1996 Marekani iliidhinisha njia ambayo burashi ndogo iliyochukua chembe husuuzwa ndani ya kichupa cha maji maalumu yenye methanoli. Chembe hukaa humo wiki kadhaa bila barafu, na kutoka kichupa kimoja maabara huweza kutazama umbo la chembe na pia kuipima DNA ya virusi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri kipimo cha DNA kiwe ndicho cha kwanza, tena likakubali mwanamke ajichukulie mwenyewe, faraghani, kwa burashi au pamba. Nilipomsomea mpwa wangu habari hiyo ya faragha aliinuka akaenda kumwita mamake.

Huku kwetu Kenya saratani hii huua zaidi ya wanawake 3,000 kwa mwaka, na hakuna saratani inayoua wanawake wetu wengi kuliko hiyo. Chanjo ya HPV kwa wasichana wa miaka 10 ilianza kutolewa Oktoba 2019, na sote tunakumbuka maneno yaliyosemwa barazani, na mengine, nakiri, niliyasema mimi. Sikuwa nimeuliza. Nilidhani ni mambo ya kuwazuia mabinti zetu wasizae, nikayarudia mbele ya kahawa kwa sauti ya mtu ajuaye. Binti wa jirani yangu hakuchanjwa mwaka ule kwa sababu babake alinisikiliza. Nimemwendea tangu hapo, nimemweleza nilivyokosea. Uamuzi ni wake, bado anafikiri.

Dada yangu alikwenda tena baada ya miezi minane, kwingine, akajichukulia kipimo mwenyewe nyuma ya pazia, muuguzi amekaa nje. Kichupa kikaandikwa jina lake, nikakiona kwa mbali kikitiwa kwenye kisanduku. Safari hii jibu lilikuja na maneno: virusi vya aina ya 16 vimo. Akatazamwa, akaonekana ana mabadiliko ya mapema, si saratani, akachomwa kwa kifaa chenye joto muda usiofika wa kupika chai, akarudi nyumbani kwa miguu yake. Bintiye hakulia tena; aliyelia safari hii ni mimi, nikisingizia moshi wa jikoni.

Bibi Mary Papanicolaou aliishi miaka 20 baada ya mumewe, akafariki mwaka 1982. Nilipomwonyesha dada yangu noti ile, na nikamweleza habari ya mke aliyejitolea, aliigeuza upande huu na huu, akaniuliza mbona mwanamke mwenyewe hayumo. Sikuwa na jibu. Akaitia katika mkoba wake, pamoja na kadi yenye tarehe ya kurudi kuangaliwa.